Bustani ya Wajapani ya Buffalo, na kijiji walichotujengea sisi

Kipindi cha mwezi uliopita tulidhani ni cha kucheka tu. Tulikuwa tunaongea juu ya picha za harusi: kwa nini bibi harusi wetu wa Buffalo, awe wa Fizi, wa Uvira ama wa Bujumbura, lazima apelekwe kwenye bustani ya Wajapani pale Delaware Park, asimame darajani, wasimamizi nyuma yake, mtu wa kamera anapiga kelele "kidogo kushoto, mama". Ndipo mwenzetu wa Louisville akauliza: "Sasa ile sehemu Wajapani walipewa na nani? Na sisi tukitaka ya kwetu, tunaomba wapi?" Hatukuwa na jibu. Mzee mmoja wa Columbus akatutumia ujumbe wa sauti, dakika sita nzima, akilalamika kwamba watoto wa siku hizi mnapiga picha kila mahali bila kuuliza pale palikuwa nini zamani.

Mzee, asante. Tumeuliza. Jibu limekuwa refu kuliko kipindi, ndo maana naliandika huku.

Kwa ndugu ambao hawajafika Buffalo, tuanze na mahali penyewe. Delaware Park ilichorwa na Frederick Law Olmsted na mwenzake Calvert Vaux, walewale wa Central Park ya New York. Kazi ya Buffalo waliianza mwaka 1868. Upande wa magharibi wa park kuna ziwa, na pembeni kuna maji madogo yaliyotulia yanayoitwa Mirror Lake, Ziwa la Kioo. Juu ya maji hayo, kwenye mwinuko, limekaa jengo jeupe la marumaru lenye nguzo kubwa, utafikiri uko Ugiriki. Hilo ni Buffalo History Museum. Nyuma ya makumbusho, kuteremka mpaka majini, ndipo ilipo bustani: visiwa vitatu vidogo, madaraja, mawe, taa za mawe, misonobari na micheri. Hakuna geti wala kiingilio. Ukitoka Grant Street, ambako familia nyingi za kwetu zilianzia maisha, unafika kwa mguu bila kuchoka.

Mara ya kwanza nilipompeleka mama, hakuangalia maua. Aliangalia mawe akauliza, "Haya yote, ni nani aliyabeba?"

Ni swali zuri kuliko anavyojua, kwa sababu bustani ya Kijapani imejengwa kwa kazi ambayo inafanya bidii isionekane. Jiwe linapandwa kama mti: sehemu kubwa inafukiwa chini, ili lionekane limezaliwa palepale. Njia inapindishwa makusudi. Unapewa kipande cha maji, kichaka kinakuziba, halafu unapewa kipande kingine. Taa ya aina ya yukimi ina kofia pana ili theluji ikae juu yake na ipendeze macho. Na kuna ufundi mmoja wanaouita shakkei, mandhari ya kuazima: mtunza bustani anapanga miti yake kwa namna ambayo mlima wa mbali, ambao si wake, unaingia kwenye picha kama wake. Buffalo hatuna mlima. Kilichoazimwa pale ni lile jengo la Kigiriki. Na sauti iliyoazimwa, ingawa hakuna aliyeiomba, ni ya magari ya barabara ya 198. Nitarudi kwenye hiyo barabara.

Jengo lile lina mwaka wake: 1901. Lilikuwa jengo la jimbo la New York kwenye maonyesho makubwa yaliyoitwa Pan-American Exposition, yaliyofanyika pale parkini na kwenye mashamba ya kaskazini yake kuanzia Mei mpaka Novemba. Watu kama milioni 8 walipita getini. Umeme ulivutwa kutoka maporomoko ya Niagara, na usiku majengo yote yaliwaka taa, jambo ambalo wengi wa waliokuja hawakuwa wamewahi kuliona. Karibu kila kitu kilikuwa mbao na plasta, kikabomolewa baadaye. Lile jengo la marumaru, lililochorwa na George Cary, lilijengwa ili libaki, likabaki.

Wamarekani wanayakumbuka maonyesho yale kwa sababu moja. Septemba 6, Rais William McKinley alipigwa risasi mle ndani akiwa anasalimiana na watu, akafa Septemba 14. Kati ya waliomrukia muuaji alikuwepo James Parker, mtu mweusi aliyekuwa mhudumu wa mgahawa kwenye maonyesho. Magazeti yalimsifu siku chache. Ilipofika mahakamani, hakuitwa hata kutoa ushahidi. (Hii peke yake ni kipindi kizima, tutakifanya.)

Lakini mimi nilikuwa natafuta bustani. Niliikuta kwenye Midway, barabara ya starehe ya maonyesho, ambako ulilipa hela ya pekee kwa kila kivutio. Mojawapo kiliitwa Fair Japan, yaani Japani Nzuri. Aliyekiendesha, pamoja na mshirika wake, ni mfanyabiashara wa Kijapani, Yumeto Kushibiki. Ndani ulikuta bustani, daraja, nyumba ya chai, wasichana wenye kimono wanahudumia. Yaani Buffalo ilikuwa na bustani ya Kijapani miaka sabini kabla ya hii ya bibi harusi wetu, na haikuwa mbali na ilipo ya sasa.

Kwenye Midway hiyohiyo kulikuwa na kivutio kingine. Jina lake: Darkest Africa. Afrika ya giza totoro.

Kiliendeshwa na Mfaransa, Xavier Pené, ambaye mwaka 1893 alikuwa ameshapeleka kijiji cha watu wa Dahomey kwenye maonyesho ya Chicago. Buffalo alileta Waafrika kwa meli, akawawekea vibanda vya majani, wakae, wapike, wacheze ngoma, watu walipe waingie kutazama. Sehemu nyingine za maonyesho zilifanana na hiyo: kulikuwa na Old Plantation, shamba la kuigiza utumwa na furaha zake za uongo, na kulikuwa na mkusanyiko wa makabila ya Wahindi Wekundu ambamo Geronimo mwenyewe alionyeshwa, naye bado ni mfungwa wa vita wa serikali ya Marekani.

Jina la kijiji kile halikutoka hewani. Mwaka 1890 Henry Morton Stanley alitoa kitabu chake, In Darkest Africa, juu ya safari ya kumtafuta Emin Pasha. Safari hiyo ilianzia Zanzibar, Februari 1887, na mamia ya wapagazi wa pwani melini, na Tippu Tip humohumo. Walizunguka kusini mwa Afrika, wakaingia mdomo wa mto Kongo, wakapanda, wakakata msitu wa Ituri wengi wao wakifa kwa njaa. Sasa fikiria: lugha iliyosikika usiku kwenye kambi zile, watu wakigawana muhogo, wakizikana, wakitukanana, ni hii tunayoongelea kwenye podikasti. Watu wale walikuwa na majina ya mito na ya vilima, walijua nani mtawala wapi. Yeye akarudi Ulaya akaandika "giza". Miaka kumi na moja baadaye neno lake likawa bango la tiketi Buffalo.

Na mwaka 1901 Kongo ilikuwa nini? Mali ya mtu mmoja. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliishika kama shamba lake kuanzia 1885 mpaka 1908. Wakati watu wa Buffalo wanakula aisikrimu mbele ya vibanda, vijiji vya kwetu vilikuwa vinatozwa mpira kwa bunduki.

Kwa hiyo tuko na Wajapani na Waafrika, barabara moja, kiangazi kimoja. Mtu anaweza kusema: hawa walikuwa na utamaduni wa bustani, wale hawakuwa na kitu cha kuonyesha. Nimeshasikia hata wazee wetu wakisema hivyo, eti sisi hatuna vitu vya kuweka makumbusho. Mimi sikubali. Waafrika wa Dahomey walikuwa na majumba ya kifalme yenye michoro ukutani. Pwani ya kwetu ilikuwa na nyumba za mawe na milango ya kuchonga ambayo Wazungu walikuwa wanainunua na kuipeleka kwao. Tofauti iko kwa nani alishika geti. Fair Japan ilipangwa na Mjapani, akachagua nini kionekane: chai, maji, mti uliokatwa vizuri. Darkest Africa ilipangwa na mtu ambaye faida yake ilitegemea sisi tuonekane wa msituni.

Na nyuma ya Mjapani yule, hata kama alikuja kwa biashara yake binafsi, ilisimama serikali. Japani ilikuwa imeshajifunza huo mchezo wa maonyesho: Vienna 1873, Philadelphia 1876, Chicago 1893. Chicago walituma mafundi seremala wao wenyewe, wakajenga Ho-o-den, jumba la ndege wa kifalme, kwenye kisiwa ambacho Olmsted huyohuyo alikuwa amekichora. Mwaka 1895 waliishinda China vitani. Mtu akiziona taa zao za karatasi alijua pia kwamba wana meli za vita. Mwaka 1901 hapakuwa na serikali yoyote ambayo ingemwandikia Pené barua ya kusema watu wetu hawakai hivyo.

Lakini hapa Buffalo kulikuwa na watu walioandika. Novemba 1900, miezi sita kabla geti halijafunguliwa, wanawake weusi wa Phyllis Wheatley Club waliitisha mkutano kwenye Michigan Street Baptist Church. Mary Talbert alikuwa mbele. Walidai mtu mweusi aingizwe kwenye kamati, na walidai yaletwe maonyesho ambayo watu weusi walikuwa wameyatengeneza wenyewe kwa ajili ya Paris mwaka huohuo wa 1900, yaliyokusanywa na W. E. B. Du Bois na wenzake: chati za mali na elimu, vitabu, na mamia ya picha za watu weusi wa Georgia, wamevaa suti na magauni, wamekaa wima, wanakutazama machoni. Maonyesho hayo yalikuja. Yalikuwa ndani ya jengo moja kubwa, wakati kijiji cha Pené kilikuwa nje na ngoma, na unaweza kukisia ni wapi kulikuwa na foleni. Lakini yalikuja. Picha zile leo ziko Library of Congress, na unaweza kuzitazama bure kwenye intaneti. Kanisa bado limesimama Michigan Avenue. Basi la mjini linakushusha karibu.

Pale ilipokuwa Midway sasa ni mitaa ya nyumba za watu. Kwenye Fordham Drive kuna jiwe lenye bamba la McKinley. Nimetembea mitaa ile mchana mzima, kijiji sikukiona hata kwenye ubao.

Mambo hayakuishia Buffalo. Mwaka 1904, St. Louis, Kushibiki akafungua tena Fair Japan, kubwa zaidi. Na kwenye maonyesho hayohayo ya St. Louis alionyeshwa Ota Benga, kijana Mbilikimo wa Kongo. Miaka miwili baadaye, Septemba 1906, aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, humuhumu katika jimbo letu la New York. Wachungaji weusi wa mjini walipiga kelele mpaka akatolewa. Alijiua mwaka 1916, Lynchburg, Virginia. Jina lake tulifundishwa na YouTube. Shuleni hakuna aliyetuambia.

Sasa, nisije nikawafanya Wajapani kuwa watu ambao mambo yao yalinyooka tu. Bustani ya zamani yao inayojulikana sana Marekani iko Golden Gate Park, San Francisco. Ilianza na maonyesho ya 1894, halafu Makoto Hagiwara na familia yake wakaishi humo wakiitunza kwa miaka mingi. Mwaka 1942, baada ya vita kuanza na Japani, serikali ikawakamata Wajapani wa pwani ya magharibi, watu kama 120,000, wengi wao wamezaliwa Marekani, ikawafungia kambini jangwani. Familia ya Hagiwara ikatolewa kwenye bustani. Bustani yenyewe haikufungwa! Ilibadilishwa jina tu, ikaitwa ya "Oriental", watu wakaendelea kunywa chai. Walipendwa mawe na micheri, waliovipanda wakapelekwa kwenye seng'enge.

Na kule kwenye seng'enge, Manzanar, California, wafungwa walifanya kitu ambacho kilinishika kuliko vyote nilivyosoma. Walijenga bustani. Walikuwemo watunza bustani wa kazi, wakabeba mawe kutoka nje, wakachimba vidimbwi karibu na mabanda, wakapanga mistari yao ya kungoja chakula ipite kando ya maji. Hakuna aliyewalipa kwa hilo na hawakujua watakaa miaka mingapi.

Mimi nilizaliwa Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa 1996 mkoani Kigoma kwa ajili ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kivu ya Kusini, na wazazi wangu walikuwa kati yao. Mama alipanda maua mekundu kuzunguka nyumba ya matofali ya udongo ambayo kila mwaka tuliambiwa ni ya muda. Baba alikuwa anamcheka: maji ya kubeba kichwani, unamwagia maua? Alimwagia. Siku tumeitwa kwenye basi la kwenda Marekani, maua yalikuwa yamefika dirishani.

Turudi Buffalo. Vita viliisha 1945. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alianzisha mpango wa watu kwa watu, na humo ndimo miji ya Marekani ilianza kufunga udada na miji ya nje. Mwaka 1962 Buffalo ilifunga na Kanazawa. Ni miaka kumi na saba tu baada ya Hiroshima, na wazee wa Buffalo waliopigana Pasifiki walikuwa bado vijana wa makamo.

Kanazawa ni mji wa upande wa theluji wa Japani, kwa hiyo kwa hilo tunaelewana. Ulibahatika: haukupigwa mabomu wakati wa vita. Una bustani inayohesabiwa kati ya tatu bora za Japani, Kenroku-en, iliyoanzishwa katika karne ya 17 na mabwana wa ukoo wa Maeda. Ilikuwa yao peke yao. Watu wa kawaida waliruhusiwa kuingia mwaka 1874. Kila Novemba watunza bustani wanasimamisha nguzo ndefu katikati ya misonobari na kufunga kamba kutoka juu mpaka kwenye kila tawi, kama mwavuli usio na kitambaa, ili theluji isivunje matawi. Ufundi huo unaitwa yukitsuri. Nikiangalia picha zake mwezi wa Januari naonea wivu ile miti.

Mwaka 1970 miji miwili ikaanza mpango wa bustani kwenye Mirror Lake, na mwaka 1974 ikazinduliwa. Ni miaka 100 kamili tangu Kenroku-en ifungue milango. Mimea zaidi ya 1,000 ilipandwa. Halafu, kama mambo mengi ya Buffalo ya miaka ile, viwanda vikifungwa na hela ikiisha, bustani ikaachwa. Mimea ikafa, vitu vikavunjwa. Kuanzia miaka ya 1990 ikaanza kufufuliwa, na watu wa Kanazawa wakasaidia tena, kwa ufundi na kwa kuja wenyewe. Siku hizi maua yanapofunguka, mwisho wa Aprili ama mwanzo wa Mei, kuna sikukuu, na huwezi kupata pa kuegesha gari.

Nilisema nitarudi kwenye barabara. Miaka hiyohiyo Buffalo inatia sahihi udada na Kanazawa, ilikuwa inakata kazi ya Olmsted kwa barabara za magari ya kasi. Ya 198 ilipasua Delaware Park katikati; ndiyo unayoisikia ukiwa darajani. Lakini upande wa mashariki ndo walilia zaidi. Olmsted alikuwa amechora Humboldt Parkway, barabara pana yenye mistari ya miti, kutoka Delaware Park mpaka park ambayo leo ina jina la Martin Luther King. Familia nyingi za watu weusi zilikuwa zimenunua nyumba kandokando yake. Katika miaka ya 1960 miti ikang'olewa, likachimbwa shimo, ikapitishwa barabara ya 33. Kwa hiyo mwaka 1974, mtu mweusi wa East Side akialikwa kuona micheri mipya ya Wajapani, yeye alikuwa ametoka kuiona yake iking'olewa. Simlaumu Mjapani kwa hilo hata kidogo. Nasema tu vitu viwili vilifanywa na mji mmoja, wakati mmoja.

Na kwa kuwa tumetaja 1974: Oktoba 30 ya mwaka huo kijana wa Louisville, Muhammad Ali, alimwangusha George Foreman Kinshasa. Mobutu ndiye aliyelipa, dola milioni 10 kwa mabondia wawili, ili dunia nzima iitazame Zaire kwa usiku mmoja. Mobutu ni Mobutu, mnajua ninavyomwona. Lakini alielewa kile ambacho Pené alielewa, kwamba mwenye geti ndiye anayechagua kitakachoonekana.

Mwenzetu wa Columbus alitaka nisisahau Ohio. Kule bustani nzuri ya Kijapani iko nje kidogo ya mji, Dawes Arboretum karibu na Newark, iliyochorwa na Makoto Nakamura miaka ya 1960. Nayo ilitangulia Honda. Honda ilianza kutengeneza pikipiki Marysville mwaka 1979, magari mwaka 1982, na familia za Kijapani zikaja nyuma ya kiwanda zikakaa Dublin. Ukiwa Columbus leo unaweza kukuta Msomali, Mkongomani na Mjapani wote wameletwa na njia tofauti kwenye duka moja la mchele, na mchele wa Mjapani ndo ghali.

Louisville, Olmsted alifika pia, mwaka 1891. Parks zake ni nzuri sana, ila mwaka 1924 mji uliweka rasmi kwamba weusi wana zao, hasa Chickasaw Park, na ubaguzi huo ulidumu mpaka 1955. Sasa hivi kando ya mto Ohio kuna Waterfront Botanical Gardens, iliyofunguliwa 2019 juu ya lililokuwa jalala la mji, na kwenye ramani yao kuna bustani ya Kijapani iliyochorwa na Shiro Nakane wa Kyoto. Kwenye jalala! Mwenzetu wa Louisville, usiseme huko kwenu hakuna nafasi.

Basi swali lake: tunaomba wapi? Nimefuata njia ya Wajapani hatua kwa hatua. Kwanza kuna mkataba wa mji na mji. Halafu kamati, watu wa kujitolea wanaokutana miaka na miaka. Bustani ilikuja miaka kumi na miwili baada ya sahihi. Afrika si ngeni kwenye orodha hizo: Buffalo ina udada na Cape Coast, Louisville na Tamale, Columbus na Accra. Zote Ghana, hongera zao. Uvira sikuikuta, wala Bujumbura, wala Kigoma.

Na kufunga udada kunahitaji mji wa upande wa pili uliotulia, wenye meya anayejibu barua na watunza bustani wa kutuma. Goma na Bukavu zilitekwa mwaka 2025. Kanazawa ilikuwa na miaka kumi na saba ya amani kabla ya kutia sahihi. Sisi tangu 1996 hatujapata kuhesabu hata mitano mfululizo. Nilimwambia mama haya yote jikoni, na mahesabu yake. Akasema, "Kwani lazima muanze na meya?"

Yeye ameshaanza. East Side kuna viwanja vingi vitupu, nyumba zilibomolewa zikaacha majani tu, na kwenye kimoja kati ya hivyo yeye na wamama wengine wanne, wawili wa Burundi, wanalima lengalenga, maharage na mahindi. Wamejaribu muhogo kwa ajili ya sombe. Baridi inauua kila Oktoba, na kila Mei wanapanda tena. Pembeni ya uzio amepanda yale maua mekundu. Mwaka jana alinituma nimbebee mawe mawili makubwa ya kukalia. Nilimuuliza tuyaweke wapi, akaniambia nichimbe kwanza, jiwe halikai hivihivi juu ya udongo.